Dawa za Kutuliza Dalili za Ugonjwa wa Alzheimer: Mwongozo Kamili kwa Anayemhudumia Mgonjwa

Mtu anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza dawa za mgonjwa wa Alzheimer huwa na moja kati ya mawazo mawili: ama mgonjwa wake atarudi kuwa alivyokuwa zamani, ama dawa zenyewe ni za kupoza moyo tu. Mawazo yote mawili yana makosa. Dawa hizi haziponyi, wala hazizuii seli za ubongo kuendelea kufa. Kazi yake ni kuziwezesha seli zilizobaki kupelekeana ujumbe vizuri zaidi kwa muda fulani, ili mgonjwa aendelee kuvaa mwenyewe, kufuata mazungumzo, au kuwatambua watu wake kwa miezi kadhaa zaidi ya vile ambavyo ingekuwa bila dawa.

Ni vyema kukijua mapema kiasi cha nafuu hiyo. Katika majaribio ya miezi 6 hivi, waliotumia donepezili, mojawapo ya dawa hizi, walipata wastani wa alama 1 zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, kwenye kipimo cha kumbukumbu chenye alama 30. Huo ni wastani tu: wapo wasiopata chochote, na wapo ambao jamaa zao huiona tofauti bila kuonyeshwa. Kwa kuwa nafuu ni ndogo na madhara yanaweza kuwa makubwa, matokeo hutegemea sana utaratibu, yaani dawa ianzeje, ipandishwe lini, nini kiondolewe kabla yake, na isimamishwe kwa ishara gani. Vipimo vya dawa vitakavyotajwa ni vile vya kawaida kwa mtu mzima, na vimewekwa ili msomaji aelewe alichoandikiwa mgonjwa wake na aulize maswali yanayofaa, si ili amwandikie yeye.

Hatua ya kwanza: Jua ni ugonjwa gani, na umefika wapi

Si kila anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea, sonona, kaswende iliyofika ubongoni, virusi vya ukimwi, damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka, na maji kujaa ubongoni ni mambo yanayoweza kuleta picha inayofanana, na baadhi yake yana tiba yake ya moja kwa moja. Mzee aliyekuwa mzima wiki iliyopita kisha akachanganyikiwa kwa ghafla atafutiwe kwanza maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya aliyoanzishwa. Alzheimer haiingii kwa kishindo. Hunyemelea kwa miaka.

Baada ya hapo, muulize daktari maswali mawili na uyaandike majibu. La kwanza ni aina ya dimensia, yaani maradhi ya kudhoofika kwa akili, ambayo Alzheimer ni moja yake. Dimensia ya sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huanza kwa kubadili tabia na lugha kuliko kumbukumbu, hainufaiki na dawa za kundi la donepezili, na mgonjwa anaweza hata kuzidi kuhangaika. Dimensia ya Lewy, yenye maruweruwe na mwili kukakamaa, hunufaika nazo vizuri, lakini dawa za kutuliza akili zinazotajwa mbele katika mwongozo huu zinaweza kumdhuru vibaya sana mwenye ugonjwa huo. La pili ni hatua ya ugonjwa: mwanzo, kati au mwisho. Memantini, dawa nyingine ya Alzheimer, haina faida ya maana katika hatua ya mwanzo, kwa hiyo ukimwona mgonjwa mwenye usahaulifu mdogo ameanzishwa dawa hiyo peke yake, uliza sababu.

Hatua ya pili: Pekua mfuko wa dawa

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nami naiona kuwa na thamani kuliko zote, kwa sababu hufanyika kabla ya kuanzisha dawa yoyote mpya.

Ubongo hutumia kemikali iitwayo asetilikolini katika kumbukumbu na umakini, na katika Alzheimer seli zinazoitengeneza ni miongoni mwa zinazoharibika mapema. Donepezili, rivastigmini na galantamini hufanya kazi ya kuzuia kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo, ili ile kidogo iliyopo idumu. Sasa, zipo dawa nyingi za kawaida ambazo hufanya kinyume kabisa, yaani huziba njia za asetilikolini. Miongoni mwake ni klorfeniramini, difenhidramini na promethazini, zinazopatikana katika dawa za mafua, mzio na usingizi. Amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu ya neva na sonona. Oksibutinini, ya kibofu kinachobana mara kwa mara. Haiosini, ya msokoto wa tumbo. Na triheksifenidili, inayoitwa pia benzheksoli, ya kutetemeka. Kumpa mgonjwa mmoja donepezili na dawa ya aina hii kwa pamoja ni kuchota maji kwa pakacha. Tena, dawa hizo peke yake zinaweza kumfanya mzee achanganyikiwe kiasi cha kudhaniwa ana dimensia, na akili ikarejea zilipoondolewa.

Kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa. Mgonjwa anaanzishwa donepezili. Baada ya wiki chache anaanza kukojoa mara kwa mara au kushindwa kujizuia, jambo ambalo dawa hiyo inaweza kulisababisha. Anapelekwa kliniki nyingine, anaandikiwa oksibutinini. Kumbukumbu inazidi kushuka, donepezili inapandishwa, mkojo unazidi. Kila aliyemhudumia ametenda jambo lenye mantiki kwa upande wake, na mgonjwa ndiye anayeumia. Dawa ya kwanza kuulizwa inapotokea dalili mpya ni ile iliyoanzishwa mwisho.

Kusanya basi kila kitu anachomeza, anachojipaka, anachodungwa na anachodondoshewa machoni, pamoja na dawa za mitishamba na zile zilizonunuliwa bila karatasi, ambazo watu wengi hawazihesabu kuwa ni dawa. Zitie zote katika mfuko mmoja, umpelekee daktari au mfamasia, uulize kuhusu kila moja: hii bado inahitajika? Zitenge kwa macho ya pekee dawa za moyo zinazopunguza mapigo, kama vile atenololi, bisoprololi, verapamili na digoksini, kwa kuwa dawa za Alzheimer nazo huyapunguza. Tenga pia dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo zikiungana na dawa hizi huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu, na diazepamu na ndugu zake, zinazolegeza akili na miguu kwa pamoja. Usizikatize wewe mwenyewe. Baadhi yake, hasa diazepamu iliyotumika kwa muda mrefu na dawa za moyo, zikikatwa ghafla huleta balaa.

Hatua ya tatu: Vipimo vya mwanzo na daftari

Kabla ya kidonge cha kwanza yapimwe mapigo ya moyo na uzito, na damu ichunguzwe kuona hali ya figo na ini. Aliyewahi kuzimia, mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye mapigo ya polepole anahitaji kipimo cha umeme wa moyo. Daktari aambiwe pia kama mgonjwa ana pumu au mapafu yaliyochakaa kwa sigara, vidonda vya tumbo, kifafa, au shida ya kutoa mkojo. Hali hizi si lazima zimzuie kutumia dawa, ila hubadili uchaguzi na kasi ya kupandisha.

Kisha fungua daftari. Andika, kwa muda wa wiki mbili kabla ya dawa, mambo manne au matano yanayoonekana kwa macho: anavaa mwenyewe au anasaidiwa vifungo, anauliza swali lile lile mara ngapi kwa saa, anaamka usiku mara ngapi, anakula nusu sahani au nzima, anaitikia salamu kwa jina la mtu au kwa tabasamu tu. Usiandike «leo yuko vizuri», maana baada ya miezi mitatu maneno hayo hayatakuambia chochote.

Hatua ya nne: Kuchagua kati ya dawa nne

Dawa ya kwanza ya kundi la donepezili ilikuwa takrini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993. Ilimezwa mara nne kwa siku na ikaumiza ini, hata ikaachwa. Zilizofuata ni donepezili mwaka 1996, rivastigmini mwaka 2000 na galantamini mwaka 2001, ambayo asili yake ni kemikali iliyopatikana katika mimea ya maua yenye vitunguu ardhini. Memantini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ni ya namna nyingine: hupunguza makali ya glutamati, kemikali inayozichosha seli za ubongo inapozidi.

Dawa tatu za kundi la kwanza hazipishani sana kwa nguvu. Uchaguzi hutokana na mambo ya nyumbani: nani atamkumbusha mgonjwa, anameza vizuri, tumbo lake likoje. Donepezili humezwa mara moja kwa siku na huchukua takribani saa 70 kupungua kwa nusu mwilini, hivyo kusahau siku moja hakuharibu kitu. Rivastigmini ina kibandiko cha ngozi, kinachofaa kwa anayetema vidonge au anayetapika kwa vidonge. Galantamini huhitaji uangalifu zaidi kwa mwenye ini au figo dhaifu. Dawa mbili za kundi hili hazitumiki pamoja kamwe, ila yoyote kati yake inaweza kuambatana na memantini ugonjwa unapofika hatua ya kati au ya mwisho. Memantini pia ndiyo mbadala kwa ambaye moyo au tumbo lake haliwezi kuzivumilia zile nyingine.

Hatua ya tano: Anza na kidogo, panda polepole

Donepezili huanza kwa miligramu 5 mara moja jioni. Baada ya wiki 4 hadi 6, ikiwa tumbo limetulia na mapigo yako sawa, hupandishwa kuwa miligramu 10. Iko pia ya miligramu 23 kwa hatua za mbele. Kichefuchefu na kutapika huongezeka kwa dozi hiyo, huku nafuu ikiongezeka kidogo mno, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuikimbilia.

Rivastigmini ya vidonge huanza kwa miligramu 1.5 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, na kila baada ya wiki 2 au zaidi hupandishwa kwa miligramu 1.5 kwa kila mlo wa dawa, hadi kikomo cha miligramu 6 mara mbili kwa siku. Kibandiko huanza kwa kile kinachotoa miligramu 4.6 kwa saa 24, na baada ya wiki 4 hubadilishwa kuwa cha miligramu 9.5, kipo pia cha 13.3.

Kibandiko kina sheria zake, na kuzikosea kumewahi kuua watu. Kosa kubwa ni kubandika kipya bila kukitoa cha jana, hasa pale walezi wanapopokezana zamu na kila mmoja anadhani mwenzake amekwisha kukitoa. Kwa hiyo utaratibu uwe ule ule kila siku na saa ile ile. Kwanza mvue nguo ya juu, ukague mgongo, kifua na mikono yote miwili, utoe kibandiko cha zamani, ukikunje upande wa gundi ndani kwa ndani na kukitupa mahali ambapo mtoto hafiki. Kisha chagua ngozi safi, kavu, isiyo na nywele nyingi, jeraha, mafuta wala poda. Bandika, ukandamize kwa kiganja kwa nusu dakika, unawe mikono, uandike tarehe na mahali ulipobandika. Usirudie mahali pale pale kabla ya siku 14, usikikate vipande, na usiuache mwili ulipobandikwa ukikaa kwenye joto kali au jua la muda mrefu. Mgonjwa mwenye tabia ya kukibandua abandikwe juu ya mgongo, pasipofikika kwa mikono yake.

Galantamini ya kawaida huanza kwa miligramu 4 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, na hupandishwa kila baada ya wiki 4 kuwa miligramu 8 mara mbili, kisha 12 mara mbili ikihitajika. Ile inayotoka polepole humezwa mara moja asubuhi, kuanzia miligramu 8 hadi 16 au 24.

Memantini huanza kwa miligramu 5 kwa siku na kuongezwa 5 kila wiki hadi ifike 20. Mwenye figo zilizochoka sana huishia kwenye 10.

Likitokea sahau, usimpe dozi mbili kwa mpigo. Rivastigmini au galantamini ikikosekana kwa zaidi ya siku 3 mfululizo, usiendelee na dozi kubwa aliyokuwa amefikia. Wasiliana na daktari aanze tena kwa dozi ya chini, kwa maana tumbo lililokwisha kuzoea husahau upesi na kutapika kwake kunaweza kuwa kwa hatari. Vidonge vya kutoka polepole na donepezili ya miligramu 23 havipondwi. Mgonjwa asiyeweza kumeza ana donepezili inayoyeyuka mdomoni, memantini ya maji, au kibandiko. Kuhusu kumfichia dawa ndani ya chakula mgonjwa anayekataa, jambo hilo lisiamuliwe na mtu mmoja jikoni. Lizungumzwe na daktari na familia kwanza, na mfamasia aulizwe kama dawa hiyo inavumilia kuchanganywa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukianzisha memantini, ukipandisha donepezili na kusimamisha dawa ya kibofu katika wiki moja, hutajua kamwe ni lipi lililomsaidia au kumdhuru.

Hatua ya sita: Madhara, na lipi la kufanya kwa kila moja

Tumbo ndilo hulalamika kwanza: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, kukosa hamu ya kula. Mara nyingi hali hiyo hutokea siku za mwanzo na baada ya kila kupandisha, kisha hupungua. Mpe dawa baada ya chakula, mnyweshe maji kidogo kidogo, na ikiendelea, daktari airudishe dozi iliyovumilika au ahamie kwenye kibandiko. Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ile ile. Mgonjwa anayekonda taratibu huonekana tu kuwa «amezeeka», na dawa inayomnyima kilo tano kwa mwaka haimfai hata kama anakumbuka majina.

Mapigo ya moyo ni jambo la pili, na la hatari zaidi. Jifunze kuyahesabu kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, mara moja kwa wiki na baada ya kila dozi kupandishwa. Yakiwa chini ya 50, au mgonjwa akizimia au kuanguka bila sababu, usimpe dozi inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari siku hiyo hiyo. Kuanguka kwa mzee huhesabiwa haraka kuwa ni utelezi wa sakafu, ilhali huenda moyo ulisimama kwa sekunde chache.

Ndoto za kutisha na usingizi wa mang'amung'amu kwa anayetumia donepezili mara nyingi huisha kwa kuhamishia dawa asubuhi. Misuli kukaza usiku, mafua mepesi yasiyoisha na kukojoa mara kwa mara ni madhara ya kundi lile lile. Choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu, degedege, au kifua kinachobana kwa mwenye pumu ni mambo ya kumkimbiza hospitali. Mgonjwa akipangiwa upasuaji, anayempa dawa ya nusukaputi ajue mapema kwamba anatumia mojawapo ya dawa hizi, kwa sababu hurefusha athari ya baadhi ya dawa za kulegeza misuli.

Memantini huvumilika zaidi. Huleta kizunguzungu, kuumwa kichwa, choo kigumu na usingizi, na kwa wachache huongeza kuchanganyikiwa. Haifai kuambatana na amantadini, ketamini wala dekstromethofani, ambayo imo katika dawa nyingi za kikohozi. Na mgonjwa asipewe magadi ya soda ya kutuliza tumbo kila siku, kwa kuwa mkojo ukipungua uchachu, figo huchelewa kuitoa dawa hiyo.

Hatua ya saba: Pima nafuu kwa kipimo cha haki

Baada ya miezi 3 hivi katika dozi aliyoifikia, rudi kwenye daftari. Swali si kama mgonjwa amepona, bali kama yuko pale pale alipokuwa au ameshuka taratibu kuliko alivyokuwa akishuka kabla. Katika ugonjwa ambao mwelekeo wake ni kuteremka, kubaki mahali ni nafuu. Waulize pia wasiokaa naye kila siku. Anayemwona mara moja kwa mwezi huona kile ambacho aliye karibu amekizoea.

Kufika hatua ya kati au ya mwisho si sababu ya moja kwa moja ya kuacha dawa. Katika jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 295 wa hatua hizo waliokuwa wakitumia donepezili waligawanywa. Walioendelea nayo walipata, kwa wastani, alama 1.9 zaidi ya walioachishwa, kwenye kipimo kile cha alama 30. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kuwa walioachishwa waliingia zaidi katika nyumba za kulelea wagonjwa ndani ya mwaka wa kwanza.

Hatua ya nane: Fujo, maruweruwe, usingizi na huzuni

Hapa ndipo dawa hutolewa kwa pupa, na ndipo zinapodhuru zaidi.

Mgonjwa aliyeanza kupiga kelele au kusukuma watu anasema jambo ambalo maneno yake yameshindwa kulisema. Tafuta maumivu ya jino, goti au tumbo, choo kilichofunga kwa siku nne, mkojo wenye maambukizi, njaa, miwani iliyopotea, kifaa cha masikio kilichoishiwa betri, chumba chenye kelele, mtu mpya anayemwogesha kwa haraka. Parasetamoli inayotolewa kwa saa zake kwa mgonjwa mwenye maumivu yasiyosemwa inaweza kufanya kazi ambayo dawa ya akili isingeiweza. Maruweruwe yasiyomtisha, kama vile kuona watoto wakicheza pembeni, hayahitaji dawa yoyote. Wala kutangatanga na kurudia maswali havitulizwi na dawa za akili.

Inapokuwa hakuna budi, yaani mgonjwa anajihatarisha au anawahatarisha wengine, au anateseka kwa hofu isiyopoa, daktari anaweza kutumia dawa ya kutuliza akili iitwayo risperidoni, kuanzia miligramu 0.25 mara mbili kwa siku. Wengi hutosheka na 0.5 mara mbili. Nchini Uingereza imeidhinishwa kwa muda usiozidi wiki 6 kwa ukali usiokoma wa mgonjwa wa Alzheimer. Marekani iliidhinisha breksipiprazoli kwa fujo za Alzheimer mwaka 2023. Familia ielezwe waziwazi hatari ya dawa za jamii hii: katika majaribio yaliyodumu wiki 10 hivi, takribani asilimia 4.5 ya wagonjwa wenye dimensia waliozitumia walifariki, dhidi ya asilimia 2.6 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Onyo hilo lilitolewa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hili, na mwaka 2008 likapanuliwa hadi kwa za zamani kama haloperidoli. Kiharusi, kukakamaa mwili, kusinzia na kuanguka pia huongezeka. Kwa hiyo, siku dawa inapoanza, iandikwe tarehe ya kuipitia upya, na dalili moja inayolengwa. Ikiwa haijabadilika ndani ya wiki chache, dawa haina kazi pale. Ikibadilika, bado ijaribiwe kupunguzwa baada ya miezi michache, maana fujo nyingi hupita zenyewe.

Kwa huzuni, sonona nzito ya mtu aliyewahi kuugua maradhi hayo inastahili tiba yake. Lakini kwa huzuni iliyokuja pamoja na dimensia, jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2011 halikuona dawa za sonona sertralini wala mirtazapini ikishinda kidonge kisicho na dawa. Sitalopramu, nayo ya sonona, imeonekana kupunguza fujo kwa baadhi ya wagonjwa, ila hugusa umeme wa moyo, na kwa waliozidi miaka 60 haipaswi kupita miligramu 20 kwa siku.

Kwa usingizi, anza na mwanga wa jua asubuhi, matembezi ya mchana, kupunguza usingizi wa alasiri, na kuhamishia donepezili asubuhi. Diazepamu na promethazini zikae mbali.

Neno fupi kuhusu dawa mpya za sindano

Lekanemabu, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, na donanemabu, iliyoidhinishwa mwaka 2024, si dawa za kutuliza dalili. Hizo ni kingamwili zinazoondoa protini ya amiloidi ubongoni, na hutolewa kwa dripu kwa walio katika hatua ya mwanzo tu, ambao uwepo wa amiloidi umethibitishwa kwa vipimo. Lekanemabu ilipunguza kasi ya kushuka kwa asilimia 27 katika miezi 18. Zinaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, ndiyo maana huhitaji picha za MRI za mara kwa mara. Aliye katika hatua ya kati au ya mwisho hakosi kitu kwa kutozipata.

Hatua ya mwisho: Kusimamisha

Zipo sababu za kusimamisha mara moja: kuzimia, mapigo yaliyozama, damu tumboni. Zipo za kusimamisha kwa mpango: mgonjwa anakonda bila kukoma, amekataa dawa kwa uthabiti, amefikia hali ya kulala kitandani bila kuitikia mtu, au ameshuka wakati wote wa miezi sita kwa kasi ile ile ya kabla ya dawa.

Kwa mpango, punguza dozi kwa nusu, usubiri wiki 4, kisha ushuke tena hadi dozi ya mwanzo na hatimaye uache, dawa moja moja na si mbili kwa pamoja. Usifanye hivyo katika mwezi ambao mgonjwa anahamishwa nyumba, anabadilishiwa mlezi au anaugua kitu kingine, kwa kuwa hutaweza kutenganisha sababu. Endelea kuandika daftari lile lile la mwanzo kila siku. Akishuka kwa ghafla ndani ya wiki chache, yaani ameacha kula mwenyewe, ameanza maruweruwe au hawatambui tena aliowatambua mwezi uliopita, mjulishe daktari upesi ili dawa irudishwe, ikianzia tena kwenye dozi ya chini. Asiposhuka hadi wiki 6 au zaidi zimepita, vidonge vilivyobaki virudishwe kwa mfamasia, na jina la dawa, tarehe iliyosimamishwa na sababu yake viandikwe kwenye ukurasa wa mbele wa daftari, ili kliniki nyingine isije ikamwanzishia upya bila kujua.